Viini kumi na sita, usiku uleule: kutafuta kinachochelewesha programu

Mwisho wa mwezi mmoja niliitwa na ushirika wa akiba na mikopo hapa Moshi. Mhasibu, mama mtu mzima, alinipokea mlangoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ingia uone mwenyewe. Mashine ya zamani ilikuwa na viini vinne, hii mpya ina kumi na sita. Mbona kupiga riba za wanachama bado kunakula usiku mzima?"

Kijana anayesimamia kompyuta zao alikuwa tayari amefungua Task Manager ya Windows. "Kaka, programu yenyewe haijitumi. Angalia, inachukua asilimia sita tu ya prosesa."

Hiyo sita ndiyo iliyotoa jibu. Gawa mia kwa kumi na sita, unapata sita na robo. Task Manager hupiga asilimia kwa mashine nzima, kwa hiyo programu iliyoonekana imezubaa ilikuwa inakamua kiini kimoja (kiini ni sehemu ya prosesa inayotekeleza maagizo) mpaka tone la mwisho, huku viini kumi na vitano vikiwa havina la kufanya. Pesa za wanachama zilikuwa zimenunua viini ambavyo programu haikuwa na njia ya kuvitumia.

Jambo hilo liliniuma, na si mara ya kwanza kuliona. Ndiyo maana nawaandikia mafundi wenzangu wa Moshi na Arusha, na yeyote anayesimamia seva ya ofisi, shule au studio. Kabla hujaandika barua ya kuomba mashine mpya, jua kwanza uzi wako, yaani mfuatano wa maagizo ya programu, uko wapi. Amri nyingi humu ni za Linux kwa kuwa ndiyo inayokubali kufunuliwa zaidi. Za Windows nitazitaja panapohitajika.

Anayegawa zamu

Aliyelelewa kwenye kihamba, shamba la nyumbani la Wachagga, anaujua mfongo. Maji huchukuliwa mtoni huko juu, hushushwa kwa mtaro, na kila nyumba ina zamu yake ya kufungulia. Zamu ikiisha unaziba, jirani wa chini anafungua. Ukichelewa, atakuja mtu kukuzibia. Ndani ya mfumo endeshi yupo mpangaji anayefanya kazi hiyohiyo, ila maji yake ni muda wa kiini na zamu zake ni za milisekunde chache.

Anazozigawia ni nyuzi. Uzi ni mfuatano mmoja wa maagizo ya programu. Programu inaweza kuwa na uzi mmoja au mia, na kiini kimoja huendesha uzi mmoja kwa wakati. (Prosesa nyingi hujitangaza kuwa na viini maradufu, mbinu ambayo Intel iliiingiza kwenye prosesa zake mwaka 2002. Hapo nyuzi mbili zinagawana mitambo ya kiini kimoja, kwa hiyo usitarajie kasi maradufu.)

Penye viini vingi, mpangaji wa Linux hatumii foleni moja ya mashine nzima. Kila kiini kina foleni yake, maana foleni moja ingefanya viini vyote vigombanie mlango mmoja. Kiini kikiishiwa kazi huchungulia foleni za wenzake na kuvuta uzi kutoka huko, na kila baada ya muda mfupi mizigo husawazishwa hata kama hakuna kilichoishiwa. Lakini mpangaji hahamishi ovyo. Uzi ukikaa kwenye kiini, data zake hujaa kwenye kashe, ile kumbukumbu ndogo yenye kasi iliyo karibu kabisa na kiini. Ukihamishwa unaziacha nyuma na kuanza kuzikusanya upya. Kwa hiyo utaona wakati mwingine foleni ya kiini kimoja ina nyuzi mbili huku jirani yake akiwa wazi kwa kitambo. Hilo peke yake si ugonjwa.

Nani apewe zamu ijayo? Kuanzia toleo 2.6.23 la mwaka 2007, Linux ilitumia mpangaji aliyeandikwa na Ingo Molnár, anayeitwa CFS. Huyu huhesabu kila uzi umeshapata muda kiasi gani, kisha huupa zamu ule uliopata kidogo zaidi. Toleo 6.6 la mwaka 2023 lilileta EEVDF, ambaye bado analinda haki hiyo lakini huangalia pia ni uzi upi unaotakiwa kupata zamu mapema.

Sasa shika hili, maana yote yanayofuata yanalitegemea. Uzi huwa katika hali moja kati ya tatu. Ama uko juu ya kiini, unafanya kazi. Ama uko kwenye foleni, uko tayari, unangoja zamu. Ama umelala, unangoja kitu ambacho si kiini: diski, mtandao, au kufuli (alama inayoruhusu uzi mmoja tu kugusa data fulani kwa wakati) lililoshikwa na uzi mwingine. Mpangaji ana uwezo juu ya hali ya pili tu, na kuongeza viini kunatibu hiyo ya pili tu. Nyumba ambayo haijafika kwenye mtaro hainufaiki kwa mfongo kupanuliwa.

Pa kuanzia kuangalia

Washa `top`. Bonyeza 1 uone kila kiini kwa mstari wake, kisha H ya herufi kubwa uone nyuzi badala ya programu nzima. Kumbuka tofauti ya vipimo: kwa kawaida `top` huhesabu asilimia kwa kiini kimoja, hivyo programu yenye nyuzi nne zilizo kazini itaonyesha 400. Nimeona watu wawili wakibishana asubuhi nzima juu ya mashine ileile kwa sababu mmoja alisoma Windows na mwingine Linux.

Kisha andika `ps -eLo pid,tid,psr,stat,wchan:20,comm`. Safu ya PSR ni namba ya kiini ambacho uzi ulikuwa juu yake mara ya mwisho. STAT ni hali yake: R ni uzi ulio kazini au kwenye foleni, S umelala usingizi wa kawaida, D umelala usingizi usiokatizwa, mara nyingi ukingoja diski. WCHAN inaonyesha uzi umelalia sehemu gani ya kerneli, yaani moyo wa mfumo endeshi.

Ubaya wa R ni kwamba inachanganya aliyepata kiini na aliye foleni. Kuwatenganisha, soma faili `/proc/PID/task/TID/schedstat`, ukiweka namba ya programu na ya uzi wako. Humo mna namba tatu: muda uliotumika juu ya kiini, muda uliopotea kwenye foleni, zote mbili kwa nanosekunde, na idadi ya zamu. Soma, subiri sekunde kumi, soma tena, toa. Namba ya pili ikiwa imepanda kwa sekunde saba katika hizo kumi, uzi wako una njaa ya kiini kweli. Ikiwa haikusogea, mwache mpangaji, hana kosa. Faili hii naipenda kuliko michoro yote ya rangi, kwa sababu inajibu swali lenyewe.

Kiini kimoja kinaungua, vingine vimepoa

Hii ndiyo ya mama mhasibu, na ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Ukiwa na `top` na H, utaona uzi mmoja unakaribia 100 na hakuna mwingine anayemfuata kwa karibu.

Chanzo cha kawaida ni programu iliyoandikwa kwa uzi mmoja. Mpangaji hawezi kuupasua uzi mmoja katikati akaugawa kwa viini viwili. Hata akiuhamisha kutoka kiini hadi kiini, bado unakuwa juu ya kimoja kwa wakati. Hapa usidanganywe na michoro: uzi ukihamahama, kila kiini kitaonyesha mlima mdogo, na utadhani kazi imegawanyika. Jumlisha milima yote. Ukipata kiini kimoja kamili, hakuna kilichogawanyika.

Chanzo cha pili ni mtu aliyeifunga programu kwenye kiini kimoja zamani, kwa sababu iliyokwisha kusahaulika. Andika `taskset -cp PID`. Ikikujibu 0 badala ya 0-15, umempata. Kwenye Windows utaona hilo katika Task Manager, ukurasa wa Details, kwa kubofya programu kitufe cha kulia na kuchagua Set affinity.

Chanzo cha tatu ni lugha ya kuandikia programu. Python ya kawaida ina kufuli kuu ndani yake linaloruhusu uzi mmoja tu utekeleze maagizo ya Python kwa wakati. Unaweza kuanzisha nyuzi ishirini na zote zikapokezana kiini kimoja. Toleo 3.13 la mwaka 2024 lilileta namna ya majaribio isiyo na kufuli hilo, lakini kwa programu nyingi zilizopo dawa ni ileile ya zamani, kuanzisha michakato kadhaa inayojitegemea badala ya nyuzi.

Kwa ushirika, dawa ilikuwa ndani ya programu yenyewe. Kulikuwa na kipengele cha kupiga riba kwa tawi. Tulijaribu kwanza kwenye nakala ya hifadhidata, tukaifungua mara nne, kila dirisha likapewa tawi lake. Mpangaji alizipokea kama kazi nne na kuziweka kwenye viini vinne bila kuombwa. Mama alitoka ofisini saa kumi na mbili jioni, kazi imekwisha.

Sikumwahidi viini vyote kumi na sita, na wewe usimwahidi mteja wako. Mwaka 1967 Gene Amdahl alieleza kikomo ambacho bado kinatubana. Tuseme kazi inachukua dakika 100, na 20 kati ya hizo haziwezi kugawanywa: kusoma faili la mwanzo, kuandika jumla ya mwisho. Ukiwa na viini vinane, zile 80 zinakuwa 10, jumla dakika 30. Ukiwa na viini elfu moja, bado huvuki chini ya 20. Tafuta hizo 20 ni zipi kabla ya kutafuta viini.

Mzigo unasomeka mkubwa, viini havina kazi

Studio moja ya picha Arusha, jirani na Mnara wa Saa, hupokea picha za wapiga picha wanaotoka mbugani. Seva yao ya viini vinane ilionyesha mzigo (load average kwenye `top`) wa 24, na kila mtu aliyeitazama alisema prosesa imezidiwa. Lakini mistari ya viini kwenye `top` ilionyesha vingi vimetulia. Inawezekanaje?

Inawezekana kwa sababu namba ya mzigo kwenye Linux haihesabu wanaotaka kiini peke yao. Inahesabu walio kazini, walio kwenye foleni, pamoja na wale wa hali ya D. Nyuzi ishirini zikilala zote zikingoja diski, mzigo unasoma 20 hata kama hakuna hata mmoja anayehitaji kiini.

Andika `vmstat 1` na utazame safu mbili za kwanza. Safu ya r ni walio tayari kwa kiini, safu ya b ni waliokwama. Pale studio r ilikuwa 1 au 2, b ilikuwa juu ya 15. Kisha angalia safu ya wa. Watu huiogopa wakidhani ni prosesa kufanya kazi ya diski. Sivyo. Ni muda ambao kiini kilikuwa bure na kulikuwa na uzi uliolala kwa ajili ya diski. Ukikipa kiini hicho kazi nyingine, kitaifanya.

Programu yao ilikuwa inatengeneza picha ndogo za kuoneshwa kwa wateja, na mtu aliipa nyuzi 24 ili "iende haraka". Diski ilikuwa ya sahani inayozunguka. Kichwa cha diski kama hiyo hukimbia huku na huko kumfuata kila msomaji, na wasomaji wakiwa ishirini na nne kinatumia muda mwingi kusafiri kuliko kusoma. Tulipunguza nyuzi zikawa nne, kazi ikaisha mapema zaidi siku hiyohiyo, na diski ni ileile. Baadaye walinunua SSD, na hapo ndipo nyuzi nane zilianza kuwa na maana.

Usiishie hapo, angalia pia `dmesg`, amri inayoonyesha ujumbe wa kerneli. Kwetu umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, na diski isiyo nyuma ya UPS nzuri huanza kusoma kwa kurudiarudia sekta zilizoharibika. Uzi unaongoja sekta kama hiyo hulala D kwa sekunde nyingi, na huwezi kuuua hata kwa `kill -9` mpaka kerneli ipate jibu. Ukiona makosa ya kusoma humo, acha utatuzi wote, nakili data za mteja kwanza.

Pia tazama safu za si na so kwenye `vmstat`. Zikiwa na namba kubwa mfululizo, kumbukumbu imeisha na mashine inahamisha kurasa kwenda na kutoka diskini. Hapo kinachohitajika ni RAM, au programu chache zaidi kwa wakati mmoja.

Umeongeza nyuzi, kasi imeshuka

Viini vyote vimejaa, feni inapiga kelele, na kazi inayotoka ni kidogo kuliko jana. Dalili hii ina vyanzo vinavyofanana kwa nje, na cha kuvitenganisha ni `pidstat -wt -p PID 1`, inayokuja na kifurushi cha sysstat. Inakupa namba mbili kwa kila uzi: cswch/s ni mara ambazo uzi umeachia kiini wenyewe, nvcswch/s ni mara ambazo umenyang'anywa.

Ikiwa kunyang'anywa ndiko kwingi, nyuzi zinazotaka kukokotoa ni nyingi kuliko viini. Kila kubadilishana kuna gharama, na kubwa zaidi ni kashe inayochafuliwa na kila mgeni anayepita. Kwa kazi ya kukokotoa tupu anza na idadi ya nyuzi sawa na ya viini. Kwa kazi inayongoja mtandao unaweza kuzidisha, kwa kuwa wengi watakuwa wamelala.

Ikiwa kuachia kwa hiari ndiko kwingi na WCHAN inaonyesha futex, nyuzi zinagombania kufuli. Umeweka makarani kumi na sita lakini daftari la stoo ni moja. Punguza kazi inayofanywa ndani ya kufuli, au gawa daftari.

Kipo kisa kigumu zaidi ambacho hakionyeshi dalili yoyote kati ya hizo mbili. Nyuzi ziko juu ya viini muda wote, hazingoji kufuli, na bado zinaenda polepole. Prosesa haihamishi data baiti mojamoja. Huhamisha kwa vifungu, ambavyo kwenye prosesa nyingi za kompyuta zetu ni vya baiti 64. Uzi wa kwanza ukiandika kihesabio chake, na uzi wa pili ukiandika chake, na vihesabio hivyo vikawa ndani ya kifungu kimoja, basi kila mmoja akitaka kuandika lazima avute kifungu kizima kutoka kwa mwenzake. Ni kama makarani wawili wanaoandika kurasa tofauti za daftari moja: hawagusi maandishi ya mwenzake, ila daftari linarushwa meza hadi meza. Chombo cha kuwakamata ni `perf c2c`. Dawa ni kuvitenganisha vihesabio viwe angalau baiti 64 mbalimbali, au kila uzi ujihesabie pembeni na kujumlisha mwisho. Kwa mtu anayeandika programu, hili ni la kuangalia mapema, kwa sababu kwa macho hutaliona.

Kipanya kinakwama, sauti inakatika

Kijana mwenye studio ya kurekodi Ngarenaro alikuwa hawezi kusikiliza wimbo huku video ya mteja ikitolewa kwenye mashine hiyohiyo. Hapa uzi wa sauti unataka kiini kidogo sana, ila unakitaka sasa hivi.

Anza kazi nzito kwa `nice -n 10` mbele ya amri yake. Ngazi hizi huenda kutoka -20 hadi 19, na uzito wa ngazi ya 0 ni 1024 wakati wa ngazi ya 10 ni 110. Kwa hiyo nyuzi hizo mbili zikigombea kiini kimoja, ule wa 10 hupata takriban sehemu moja ya kumi. Kukiwa hakuna mgombea, bado hupata kiini chote. Video haipotezi kitu wakati studio imetulia.

Hapa kuna mitego miwili. Wa kwanza: kwenye Linux ngazi ni ya uzi mmojammoja, na `renice -n 10 -p PID` kwa programu iliyokwisha kuanza hugusa uzi mkuu peke yake. Nyuzi nyingine zinaendelea kama kawaida, nawe unasema nice haifanyi kazi. Ukiiweka mwanzoni, nyuzi zote zinarithi. Wa pili: kompyuta nyingi za mezani zenye Linux zimewashiwa mpangilio wa kukusanya kazi kwa vikundi kulingana na dirisha la amri zilikoanzia. Ukiwa umewashwa, ngazi zina maana ndani ya kikundi kimoja tu. Soma `/proc/sys/kernel/sched_autogroup_enabled`, ikiwa 1, jua hilo.

Kwenye Windows ishushe kazi nzito iwe Below normal. Usiipandishe programu yako kwenye Realtime. Ikijisahau kwenye mzunguko, hata kipanya hutakisogeza.

Seva ya kukodi au kontena: inakwenda, inakwama, inakwenda

Soma kwanza safu ya st kwenye `top`. Hiyo ni sehemu ya muda ambayo mashine yako ya kukodi ilikuwa tayari kufanya kazi lakini mashine halisi iliyo chini yake ilikuwa inamhudumia mteja mwingine aliyekodi hapohapo. Ikikaa juu kwa saa nyingi, hakuna amri ya kwako itakayoitibu. Chukua rekodi na uzungumze na aliyekukodisha.

St ikiwa sifuri na umeweka kikomo kwenye kontena (programu iliyotengwa na nyingine ndani ya mashine moja), piga hesabu hii. Umeipa viini viwili. Kerneli hupima kwa vipindi, kwa kawaida vya milisekunde 100, kwa hiyo kontena lina milisekunde 200 za kiini katika kila kipindi. Programu ndani yake imehesabu viini vya mashine nzima, ikaona nane, ikaanzisha nyuzi nane. Zote nane zikifanya kazi kwa pamoja, zile 200 zinaisha ndani ya milisekunde 25. Milisekunde 75 zilizobaki kontena zima linalazwa. Mteja wa tovuti aliyebofya wakati huo anangoja, ingawa wastani wa matumizi unaonekana mdogo.

Ushahidi uko kwenye faili `cpu.stat` la kikundi cha kontena. Nr_throttled, idadi ya mara ambazo kontena limelazwa, ikipanda kila ukisoma, ndiyo hiyo. Iambie programu ianzishe nyuzi mbili, au ongeza kikomo.

Inaanza na mbio, baada ya dakika kumi inachoka

Hiki si kisa cha mpangaji, lakini huletwa kwangu kama hicho. Arusha iko juu na ina baridi yake. Moshi iko chini, na mwezi wa pili chumba kisicho na hewa huwa tanuri. Prosesa ikipata joto hujipunguzia mwendo ili isiungue. Viini vyote vinaonyesha vimejaa, foleni zinarefuka, kumbe kila zamu inatoa kazi kidogo. Linganisha `grep MHz /proc/cpuinfo` mwanzoni na baada ya robo saa. Fungua mashine, puliza vumbi, badilisha grisi ya prosesa.

Soketi mbili, kazi moja

Mashine kubwa zilizotumika zinazoletwa kutoka nje mara nyingi zina prosesa mbili kwenye bodi moja, na kila prosesa ina RAM yake pembeni. Kiini kinaweza kusoma RAM ya upande wa pili, ila kwa safari ndefu zaidi. Amri ya `numactl --hardware` itakuonyesha pande zako na umbali wake. Upande wako husomeka 10, wa jirani mara nyingi 20 au zaidi kidogo.

Dalili yake ni kazi ileile kuchukua muda tofauti kila ukiiendesha. Leo dakika nane, kesho kumi na moja, hakuna kilichobadilika. Kwa kawaida Linux huweka ukurasa wa kumbukumbu upande wa uzi ulioandika humo kwanza. Programu nyingi hujaza data zote kwa uzi mmoja wa mwanzo, ndipo huanzisha nyuzi nyingine. Data zote zimeangukia upande mmoja, na nusu ya nyuzi zitakazopangwa upande wa pili zitasafiri kila zinapohitaji kitu. Mpangaji hujitahidi kurekebisha kadiri muda unavyopita, lakini kazi fupi huisha kabla hajafika.

Ikiwa kazi inatosha upande mmoja, ifunge huko pamoja na kumbukumbu yake: `numactl --cpunodebind=0 --membind=0` mbele ya amri. Una kazi mbili? Ipe kila moja upande wake. Ikiwa ni moja kubwa na msimbo ni wako, acha kila uzi ujaze sehemu yake ya data wenyewe. Na kabla ya yote fungua kifuniko: nimekuta mashine ambayo RAM yote ilikuwa imechomekwa upande wa prosesa moja, ya pili ikiwa haina hata kipande.

Uzi muhimu unamngoja mdogo

Mara chache, lakini ikitokea inasumbua sana: uzi wenye kipaumbele cha juu unakwama bila sababu inayoonekana, hasa kwenye vifaa vya vipimo na udhibiti.

Ilitokea mbali kuliko kote. Chombo cha Mars Pathfinder kilitua Mars tarehe 4 Julai 1997, na baada ya siku chache kompyuta yake ikaanza kujizima na kujiwasha. Kazi ndogo ya kukusanya data za hali ya hewa ilikuwa imeshika kufuli. Kazi kubwa ya kusimamia njia ya mawasiliano ndani ya chombo ilihitaji kufuli hilo, ikangoja. Katikati zikaja kazi za kipaumbele cha wastani, zisizohusika na kufuli, zikaipokonya ile ndogo zamu. Ndogo haipati kiini, kwa hiyo haiachii kufuli. Kubwa inaendelea kungoja. Mlinzi wa mfumo anaona kimya na kuwasha upya. Wahandisi waliirudia hali hiyo duniani, kisha wakatuma rekebisho: aliyeshika kufuli arithi kipaumbele cha anayemngoja mpaka aliachie.

Kwenye programu zako za Linux, kufuli la kawaida halirithishi kipaumbele lenyewe. Ukiandika kwa C, weka PTHREAD_PRIO_INHERIT kwenye sifa za kufuli kabla ya kulianzisha, na ulifanye hivyo kwa kila kufuli ambalo uzi wa haraka na uzi wa polepole wanashirikiana.